Jangwa Lililochongwa na Maji: Siku Moja ya Baridi Joshua Tree

Upepo unapewa sifa isiyo yake. Mtu akiona majabali ya Joshua Tree, kusini mwa California, mawe ya mviringo yenye ukubwa wa nyumba, yamekaa moja juu ya jingine hadi unahofia kupiga chafya karibu nayo, husema papo hapo kwamba upepo umeyachonga kwa mchanga. Hoja yake inaeleweka: jangwani maji hakuna, upepo upo, basi mchongaji ni upepo. Lakini mchanga unaobebwa na upepo haupandi juu. Sehemu kubwa yake hupita chini ya urefu wa kiuno cha mtu. Jiwe lililoviringika vizuri likiwa kileleni, mita thelathini kutoka ardhini, halikufikiwa na mchanga huo hata siku moja. Aliyefanya kazi ni maji, na kazi yenyewe yaliifanya chini ya ardhi, kabla jangwa halijawa jangwa.

Hilo likishaeleweka, mambo mengine yanayomtatiza mgeni anayekwenda huko Desemba au Januari yanaanza kufunguka: kwa nini jangwa linaganda usiku, wanyama wamekwenda wapi, na kwa nini mtu anaweza kuishiwa maji mwilini huku amevaa koti zito.

Hifadhi ya Taifa ya Joshua Tree ipo kilomita mia mbili na ushee mashariki mwa Los Angeles. Serikali ya Marekani ilianza kuilinda mwaka 1936, baada ya kampeni ndefu ya Minerva Hoyt, mama mpenda bustani aliyechukizwa na watu waliokuwa wakiing'oa mimea ya jangwani kwa malori na kwenda kuipanda majumbani mwao. Hadhi ya hifadhi ya taifa ilikuja 1994. Ukubwa wake unazidi kilomita za mraba 3,200, na ndani yake majangwa mawili hukutana: Mojave, lililo juu na lenye baridi zaidi, upande wa magharibi, na Colorado, lililo chini na lenye joto, upande wa mashariki. Majabali mashuhuri karibu yote yapo upande wa Mojave, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Mwinuko huo ukumbuke, tutauhitaji tukifika kwenye baridi.

Pa kuanzia ni Hidden Valley, njia ya mduara ya kilomita 1.6 tu, ndani ya uwanja uliozungushiwa majabali pande zote. Mawe haya ni graniti. Yalianza kama mwamba ulioyeyuka, uliopanda kutoka chini na kukwama kabla ya kufika juu, ukapoa humo humo polepole, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Juu yake ulikuwepo mwamba mwingine mkongwe zaidi. Kadiri ule wa juu ulivyomomonyoka, mzigo ulipungua, na mwamba uliopunguziwa mzigo hutanuka na kupasuka. Nyufa zake hazikwenda ovyo. Kundi moja la nyufa lililala sambamba na uso wa ardhi. Makundi mengine mawili yalisimama wima na kukatana. Kwa hiyo graniti ilikuwa imeshakatwakatwa vipande vya pembe nne huko huko chini, kabla jiwe hata moja halijachungulia nje.

Maji yakaingia kwenye nyufa hizo. Enzi zile eneo hili lilikuwa na mvua kuliko leo, na mwamba ulifunikwa na udongo wenye mimea. Mvua ikipita kwenye udongo huokota gesi ya kaboni inayotoka kwenye mizizi na majani yanayooza, ikawa na uchachu kidogo, kisha hushuka. Ndani ya graniti kuna kwatzi, ambayo maji hayaiwezi. Kuna feldispa, ambayo taratibu hugeuka udongo wa mfinyanzi. Na kuna ulanga mweusi, ambao hufura na kuzisukuma punje zilizo jirani. Feldispa ikilainika na ulanga ukifura, jiwe lililokuwa gumu huwa changarawe unayoweza kuivunja kwa vidole. Sasa tazama hesabu ya kona. Uso wa kipande hushambuliwa kutoka upande mmoja, ukingo kutoka pande mbili, na kona kutoka pande tatu. Kona huisha kwanza. Ndiyo habari ya mche wa sabuni uliosahauliwa kwenye sahani yenye maji: jana ulikuwa na ncha, wiki ijayo umeviringika.

Basi mviringo ule ulikamilika gizani, kila jiwe likiwa limezungukwa na changarawe iliyotoka mwilini mwake. Kilichobaki kilikuwa kufukuliwa. Hali ya hewa ilipokauka, mimea ilipungua, mizizi iliyokuwa imeshika udongo ikaondoka, na mvua chache lakini za kishindo zikaizoa changarawe na kuitandaza mabondeni. Mawe yakabaki juu, mengine yakiteremka na kutua juu ya wenzao.

Je, hili limethibitishwa au ni hadithi nzuri tu? Mwaka 1972 Theodore Oberlander, mwanajiografia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliandika kuhusu miteremko ya mawe kama hii ya Mojave. Ushahidi wake ulitoka sehemu ambazo volkano za kale zilimwaga zaha juu ya ardhi na kuifunika. Chini ya zaha, ile graniti iliyooza bado ipo, imehifadhiwa kama ilivyokuwa kabla ukame haujaiondoa kwingineko. Yaani unaweza kuona mawe ya mviringo yakiwa bado kitandani.

Mtembeaji wa kawaida naye anaweza kufanya upelelezi wake, na mimi naona hii ndiyo raha kubwa ya njia za hapa. Tafuta mistari myeupe inayokatiza mawe. Ni nyufa za awali zilizojazwa na mwamba wa punje ndogo zaidi. Mara nyingine mstari hutoka jiwe moja, ukaruka pengo, ukaendelea jiwe la pili na la tatu bila kupinda. Hapo hakuna aliyerusha wala kupanga chochote: mawe yale yapo mahali yalipozaliwa, yamepotelewa na kilichokuwa katikati yao tu. Tazama pia miguuni pa majabali. Mengi yamebonyea kuelekea ndani, kwa usawa mmoja, mita moja au mbili juu ya ardhi ya sasa. Udongo hushika unyevu muda mrefu kuliko uso mtupu wa jiwe, kwa hiyo jiwe huoza zaidi pale linapogusana na udongo. Ule mbonyeo ni alama ya mahali ardhi ilipofika zamani. Na Skull Rock, jabali lenye sura ya fuvu ambalo kila mtu hulipiga picha, macho yake mawili yalianza kama vishimo vidogo vilivyotuamisha maji ya mvua. Maji yakala, shimo likakua, shimo kubwa likatuamisha maji zaidi.

Msomaji wa Mwanza bila shaka ameshaanza kutabasamu. Mawe ya mji wake, likiwemo Jiwe la Bismarck lililosimama ndani ya Ziwa Viktoria, na yale majabali yanayochomoza katikati ya nyasi za Serengeti ambako simba hupenda kujilaza, yamepita njia hiyo hiyo: mwamba, nyufa, kuoza chini ya udongo, kufukuliwa. Miamba ya kwetu ni mikongwe mno ikilinganishwa na ile ya California, ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, na kwa kuwa Mwanza mvua bado inanyesha ya kutosha, kazi ya chini kwa chini inaendelea hadi leo. Joshua Tree kazi hiyo karibu imesimama. Ukitaka kuwa mkali wa maneno, majabali yale si mawe ya jangwa hata kidogo. Ni mawe ya nchi ya mvua ambayo jangwa limeyarithi.

Mvua yenyewe ilikwenda wapi? Upande wa magharibi imesimama milima ya San Bernardino na San Jacinto, yenye vilele vinavyopita mita 3,300. Mawingu yanayotoka Bahari ya Pasifiki hulazimika kupanda, hupoa, hunyesha upande wa pwani, na yakivuka yamebaki matupu. Kinachofika jangwani ni milimita 100 hivi kwa mwaka, nyingi zikija kwa vipindi viwili: ngurumo za ghafla mwishoni mwa kiangazi, na mvua tulivu za majira ya baridi. Hizi za baridi ndizo za thamani, kwa sababu huzama ardhini badala ya kukimbilia makorongoni, na ndizo zinazoamua kama Machi kutakuwa na maua au vumbi tupu.

Sasa baridi. Mtu aliyekulia Lamu au Dar akisikia neno jangwa hufunga kaptula na miwani ya jua. Mchana wa Januari, kwenye majabali, joto hufika nyuzi 15 hivi za Selsiasi, na ukikaa juani ukiwa umeegemea jiwe utafurahia. Usiku huo huo hushuka hadi sifuri na mara nyingi chini yake. Theluji si jambo la kila wiki lakini huja. Sehemu ya jibu ni ule mwinuko wa mita 1,200. Sehemu kubwa zaidi ni maji tena, safari hii yale yasiyoonekana. Unyevu ulio hewani ndio unaozuia joto la ardhi lisitoroke usiku. Ndiyo maana pwani yetu usiku unabaki na fukuto. Hewa kavu haina cha kuzuia. Jua likizama, ardhi hutoa joto lake lote kuelekea angani, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama mabondeni. Kambi iliyo bondeni inaweza kuganda wakati aliyelala mteremkoni juu yake hajaona hata umande.

Pamoja na hayo, baridi ndiyo msimu wa kutembea. Kiangazi joto hupita nyuzi 38 na kutembea mchana ni kucheza na roho. Wakwea miamba huja kwa wingi kuanzia vuli hadi mwanzo wa machipuko, na graniti ya hapa, yenye uso wa punje mbaya unaoshika kiatu, imewapa sababu. Tahadhari moja tu kwa wasio wakwezi: kupanda jiwe kama hili ni rahisi kuliko kushuka. Wengi wanaohitaji kuokolewa walipanda bila shida yoyote.

Kuhusu wanyama, niseme ukweli ambao vipeperushi vya utalii huuzunguka: kama hamu yako ni nyoka, mijusi na kobe, majira ya baridi hutaona kitu. Kobe wa jangwani yupo, lakini yupo shimoni alikochimba mwenyewe, amezubaa toka karibu Oktoba na hatatoka hadi machipuko. Mnyama huyu huishi chini ya ardhi sehemu kubwa ya maisha yake hata miezi mingine. Kibofu chake ni ghala la maji: mvua ikinyesha hunywa hadi kukijaza, kisha hurudisha maji hayo mwilini kidogo kidogo kwa miezi. Ndiyo sababu ni marufuku kumwinua. Kobe akishtuka hukojoa, na mkojo ule unaomwagika mikononi mwa mtu aliyetaka picha huenda ulikuwa akiba yake ya msimu mzima.

Jirani na hifadhi ndipo kulipogunduliwa jambo ambalo wataalamu wa ndege walikuwa hawalitegemei. Desemba 1946, katika milima ya Chuckwalla iliyo kusini-mashariki, mwalimu wa chuo kutoka Riverside, Edmund Jaeger, alikuwa akipita korongoni na wanafunzi wake. Ndani ya tundu la jabali waliona ndege mdogo wa usiku, wa jamii ya kirukanjia, wale wanaojilaza barabarani na kuruka ghafla taa za gari zinapowafikia. Hakustuka walipomgusa. Jaeger alirudi majira ya baridi yaliyofuata, akamkuta tundu lile lile, akamvisha pete mguuni, akampima. Joto la mwili, ambalo kwa ndege wa aina hii hufika nyuzi 40, lilikuwa chini ya 20. Mapigo ya moyo hayakusikika. Kioo kilichowekwa puani hakikupata ukungu. Alikuwa hai, amelala usingizi wa wiki nyingi kwa sababu wadudu anaowala hawapo wakati wa baridi. Alikuwa ndege wa kwanza kuthibitishwa na sayansi kwamba hulala hivyo majira ya baridi, ingawa Wahopi, wenyeji wa asili wa Arizona, walikuwa wakilijua hilo zamani. Kwa hiyo ukipita kwenye tundu la jabali Desemba, usichokonoe kwa fimbo.

Wanaobaki macho wana mbinu zao. Kindi mdogo wa jangwani hukimbia mchana kutwa, mkia umelazwa mgongoni. Kiangazi mkia huo ni mwavuli wake. Kuna panya anayerukaruka kwa miguu ya nyuma ambaye hana haja ya kunywa maji maisha yake yote: anayapata kwa kusaga mbegu kavu mwilini, na figo zake hubana mkojo hadi tone la mwisho. Sungura wa masikio marefu hukaa kimya kivulini mwa kichaka mpaka umkaribie kabisa. Koyote, mbwa wa mwitu wa Amerika, utawasikia kuliko utakavyowaona. Na juu ya miti yenye kirukia, ule mmea unaoota kwenye matawi ya mimea mingine, tafuta ndege mweusi ng'avu mwenye kishungi na macho mekundu, aitwaye phainopepla. Dume hulinda kirukia chake kwa ukali, kwa sababu matunda yake mekundu ndiyo chakula cha baridi nzima. Mbegu hupita tumboni zikiwa nzima, zikaangushwa juu ya tawi jingine, na kirukia kipya kikaota. Ndege anapanda shamba lake bila kujua.

Anayetafutwa na wote ni kondoo-mwitu wa pembe kubwa. Watu husimama kwenye bwawa la Barker, lililojengwa na wafuga ng'ombe karibu mwaka 1900 na kuongezwa kina na Bill Keys, mfugaji wa hapo, mwishoni mwa miaka ya 1940, wakitumaini atakuja kunywa. Kiangazi matumaini hayo yana msingi. Wakati wa baridi maji humfanya mnyama huyu afanye kinyume: majani yakiwa mabichi baada ya mvua, anapata humo unyevu wa kutosha, hana sababu ya kushuka bwawani, na makundi hutawanyika. Bora uinue macho. Anakaa kwenye miteremko mikali yenye mawe, kwa kuwa huko puma, paka mkubwa wa Amerika, hamfikii kirahisi, na rangi yake ya udongo humficha mpaka ageuke na kuonyesha matako meupe. Darubini ndogo itakusaidia kuliko kilomita tano za kutembea.

Hata mti ulioipa hifadhi jina lake una hesabu na baridi. Mti wa Joshua si mti kwa maana kamili. Ni mmea wa jamii ya yuka, ndugu wa mkonge, hauna pete za umri ndani ya shina. Inaaminika kwamba baridi kali huumiza ncha ya tawi na kuchochea ua litoke, na tawi lililotoa ua ndipo hugawanyika. Ukiuona umesimama kama mlingoti mmoja bila matawi, basi huenda haujawahi kuchanua. Machipuko ya mapema huja nondo mdogo anayekusanya chavua kwa makusudi, akaipaka kwenye ua, kisha akataga mayai humo. Viwavi vyake hula sehemu ya mbegu, nyingine huachwa. Hakuna mdudu mwingine anayeifanya kazi hiyo, wala nondo huyo hana mmea mwingine wa kulelea wanawe.

Linabaki suala la maji yako wewe. Baridi hupunguza hamu ya kunywa, na hewa kavu hukausha jasho kabla hujaliona, kwa hiyo mwili unapungukiwa bila kukupa taarifa. Wenye hifadhi hushauri angalau lita nne kwa kila mtu kwa siku, na ndani ya eneo la majabali hakuna bomba. Jaza vyombo mjini au kwenye malango yenye maji. Simu karibu kote haishiki mtandao, hivyo ramani ipakuliwe mapema na mtu mmoja nyumbani ajue unapita njia ipi. Vaa nguo za tabaka, kwa sababu upande wenye jua na upande wa kivuli wa jabali moja ni kama misimu miwili. Mwishoni mwa Desemba jua huzama karibu saa kumi na moja kasorobo jioni, na nyuma ya majabali kivuli hutangulia mapema zaidi. Kwa hiyo mlima wa Ryan, wenye kilele cha mita 1,664, upandwe asubuhi, na njia fupi zilizo kando ya barabara, Skull Rock kwa mfano, ndizo zibakizwe za jioni.